Dirisha la Juu la Chumba cha Baba

DADA: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

KITINDA: Dada, shikamoo. Mimi hapa.

DADA: Mimi ndiyo nani? Namba hii siijui.

KITINDA: Mdogo wako, Kitinda. Natumia simu ya Baba, yangu imezima chaji.

DADA: Ya Baba? Kumbe bado ana simu? Marahaba. Sema haraka, nina bibi harusi hapa nampima kiuno, mwili mzima ni pini.

KITINDA: Tuko dukani, kwa muuza madirisha. Lile dirisha la paa, la chumba kipya cha Baba. Yapo ya aina mbili. Hili linafunguka, lina bawaba, na mkono mrefu wa kuzungusha ukiwa chini. Halafu kuna lile—

DADA: Lisilofunguka.

KITINDA: Sijamaliza.

DADA: Nimekumalizia. Chukua lisilofunguka.

KITINDA: Ngoja kwanza. Muuzaji anasema hilo ni la kuleta mwanga tu, watu wanaweka ngazini, koridoni huko. Kile chumba hakina dirisha jingine hata moja, Dada. Kilikuwa stoo.

DADA: Kilikuwa. Sasa nimekipaka rangi.

KITINDA: Sasa rangi ndiyo hewa?

DADA: Hewa itapita mlangoni. Mlango ule chini una upenyo, hata panya anapita na mizigo yake.

KITINDA: Sasa panya—

DADA: Haloo? Unakatika—

KITINDA: Nipo, nipo. Mtandao tu. Lakini si ungemwacha pale pale chumba cha mbele?

DADA: Cha mbele nakifanya cha kujaribia magauni. We hujui alichonifanyia juzi! Bibi harusi anashuka garini, na mama yake, na mashangazi, kundi zima. Baba huyo, kichwa nje dirishani: "Mwanangu, huyo bwana wako ana macho ya kuhamahama, rudi kwenu!"

KITINDA: [anacheka] Jamani Baba—

DADA: Usicheke!

KITINDA: Sicheki.

DADA: Nakusikia! Wakageuza gari, wamekwenda mpaka leo. Na jana tena, kamwita mteja pale dirishani, kamwambia eti tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni.

KITINDA: Alikuwa amekula?

DADA: Nilikuwa na kazi.

KITINDA: Saa ngapi hiyo?

DADA: Kitinda, umenipigia kuhusu dirisha au unanihoji? Nikimwekea linalofunguka, sauti yote inatoka. Majirani hapo wana ghorofa, wanaona paa letu kama meza. Atasimama juu ya kitanda awahutubie! Na kioo chukua chenye ukungu.

KITINDA: Chenye ukungu? Hata mbingu asiione?

DADA: Mbingu anaijua. Miaka sabini na nane anaiangalia, haijabadilika.

KITINDA: Dada…

DADA: Yuko wapi mwenyewe?

KITINDA: Si niko naye hapa. Yuko kule kwenye sampuli, anapapasa fremu. Amevaa koti, Dada. Tangu alfajiri amekaa kitandani na koti lake, ananipigia simu kuuliza tunatoka saa ngapi. Nilimwambia anakuja kuchagua mwenyewe.

DADA: Nani alikutuma useme hivyo?

KITINDA: Alifurahi, bwana! Ungemwona. Muuzaji mwenyewe amekuwa mwanafunzi. Baba anamwambia, paa tambarare usilaze kioo kama sinia, jenga ukingo wa zege shibiri moja, upande mmoja uzidi kidogo maji yateremke—

DADA: Basi mdanganye. Mwambie mkono wa kufungulia utaletwa wiki ijayo.

KITINDA: Baba? Mtu aliyetengeneza madirisha miaka arobaini? Huyo anatafuta bawaba kabla hajakusalimia.

DADA: Macho yenyewe hayaoni vizuri.

KITINDA: Anaona kwa vidole. Dada, mimi… mimi naona huu ni ukatili.

DADA: Unasemaje?

KITINDA: Nasema tu—

DADA: Hebu rudia, mtandao ulikwaruza. Ni nini?

KITINDA: Ukatili.

DADA: Haya. Wewe mwenye huruma una vyumba viwili. Kimoja unalala. Cha pili umeweka nini?

KITINDA: Ah, Dada, sasa—

DADA: Umeweka nini?

KITINDA: …Maspika.

DADA: Maspika! Na yamewekwa dirishani kabisa yapunge upepo. Basi mchukue. Leo hii. Mkitoka dukani msije huku, nendeni kwako moja kwa moja. Nguo zake nitaleta mwenyewe, hata godoro nitaleta.

KITINDA: Hali yangu unaijua, Dada.

DADA: Naijua.

KITINDA: Natoka asubuhi, narudi… halafu mwenye nyumba wangu naye ni mtu wa—

DADA: Mbona mtandao umekuharibikia ghafla? Ulikuwa unaongea kama redio.

KITINDA: Siyo kwamba sitaki.

DADA: Basi usiniite katili kwa salio la Baba.

KITINDA: …Ulisema chenye ukungu, siyo?

DADA: Hapo sasa. Mdogo wangu amerudi.

KITINDA: Futi mbili kwa tatu.

DADA: Inatosha sana. We bibi harusi, usikae! Ukikaa pini inakuingia! Enhe, Kitinda, harakisha.

KITINDA: Ngoja… Naam, Baba? Ndiyo, ni Dada. Hapana, tunaongea tu… Lipi? Hilo?

DADA: Anasemaje?

KITINDA: Dada… hii simu yake. Si unajua masikio yake, ameiwekea sauti hadi mwisho. Hapa hata muuzaji ameinamisha kichwa, anafuta kioo kilichofutwa.

DADA: Baba amesikia?

KITINDA: Sijui. Ameliacha lile la bawaba. Amelishika lisilofunguka.

DADA: Na anasema nini?

KITINDA: Anasema chukua hili. Eti lile la kufunguka kwenye paa tambarare halidumu, mpira unakufa, mvua ya pili tu linavuja. Maji yataingia, yatachafua magauni ya dada yako.

DADA: Si unaona! Si unaona! Amelipenda mwenyewe!

KITINDA: Dada—

DADA: Mtaalamu kasema! Na wewe unanipandisha presha bure hapa, ukatili, ukatili.

KITINDA: Anatabasamu, lakini—

DADA: Lakini nini?

KITINDA: Hamna. Anasema msiite fundi. Atalifunga mwenyewe. Nimshikie ngazi tu.

DADA: Alifunge Ijumaa, Ijumaa sina wateja. Na silikoni apake pande zote nne, asibakize hata tundu la sindano.

KITINDA: Anajua kazi yake.

DADA: Haya, nakata, mtoto wa watu amesimama hapa—

KITINDA: Ngoja, ngoja. Anauliza kitu.

DADA: Haraka.

KITINDA: Yuko kwenye makomeo. Ameshika moja, analipima mkononi. Anasema na la mlango wa hicho chumba alinunue leo leo, asitusumbue mara mbili.

DADA: Nani alimwambia mlango utawekwa komeo?

KITINDA: Mimi sikumwambia. We uliniambia utawekwa komeo? Anataka kujua alifunge upande gani. Wa ndani au wa nje.

DADA: [Mtandao unakwaruza.]

KITINDA: Haloo? Dada?

DADA: Nipo.

KITINDA: Anasubiri. Amenigeuzia mgongo, lakini anasubiri.

DADA: …Wa nje.

KITINDA: Nimwambie hivyo hivyo?

DADA: Mwambie taratibu, ni mzazi wetu. Haya, kwaheri, kwaheri. We! Nimekuambia usikae!