Jasho Nililoliita Pepo

Bwana wetu apewe sifa, wapendwa! Kina baba msitoke nje, haya yanawahusu na nyie. Mimi ni Mama Masanja wa Kakese, yule mliyekuwa mkimwombea kila Jumatano.

Ndugu zangu, mwaka juzi, mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi, siku zangu zilikatika. Sikumwambia mtu. Halafu likaanza joto. Niko shambani napalilia mahindi, ghafla kifua kinawaka, linapanda shingoni mpaka usoni, nalowa kama nimenyeshewa. Dakika chache limeisha, natetemeka kwa baridi juani!

Tangu usichana nilisikia kwamba damu isiyotoka inarudi ndani inachemka, na mwanamke wa hivyo anaunguza watoto wachanga. Nikaja kwenu, mkasema ni pepo la moto. Siwalaumu, hata mimi niliitikia amina. Nikafunga siku tatu, nikafunga siku saba. Nyie mnakemea, mimi nalowa, mnapiga kelele, "Linatoka hilo!" Wapi!

Wakati huohuo mkamwana wangu Neema akajifungua mtoto wa kwanza wa Masanja, wa kike, Kabula. Jamani! Nilimtamani mtoto yule mpaka mikono ikaniuma. Lakini nikasimama mlangoni nikasema, "Mlaze tu hapo." Nimelea watoto sita, na mjukuu wangu wa kwanza sikumgusa miezi mitatu!

Neema akadhani namkataa kwa sababu wazazi wake walikuja kutoka Burundi. Akafunga mizigo arudi kwao. Masanja akanijia analia, mtu mzima na ndevu zake. "Mama, mke wangu amekukosea nini?"

Hapo niliogopa kuliko nilivyoliogopa pepo lenyewe. Nikapiga magoti, nikasema, Bwana, nionyeshe. Kesho yake Neema alikuwa anampeleka mtoto kliniki kabla ya kusafiri. Nikamfuata kwa nyuma mpaka zahanati, nimwombe asiondoke. Joto likanishika palepale kwenye benchi. Mkunga, mama mmoja asiyecheka ovyo, akaniona najipepea kwa kanga. Akaniuliza umri, akaniuliza siku zangu. Nikamweleza yote, hata pepo.

"Mama, damu haijafungwa popote," akasema. "Imekoma, ni umri. Hata mimi nalowa hivyohivyo hapa kazini, na kila wiki nazalisha. Nimemuunguza nani? Ila ikirudi baada ya kukaa mwaka mzima, uje upesi tukupime."

Neema alikuwa amesimama pale, amesikia kila neno. Alimfungua mtoto mgongoni akaniwekea mikononi. Nililia mpaka foleni nzima ikageuka.

Ndugu zangu, Bwana hakuniondolea joto, aliniondolea woga. Mama ambaye siku zako zimekoma, mtegemee Mungu, na uwaulize wanaojua. Usijifungie na hofu kama mimi, utaumiza watu wako bure. Nyie wapendwa endeleeni kuniombea, lakini pepo msilikemee tena! Namshukuru Mungu, namshukuru na Neema, ambaye mizigo yake aliifungua.

Hata sasa limenishika, mnaona nilivyolowa. Na huyu Kabula niliyembeba hapa mgongoni amelala fofofo.