Picha Ilisema Goti ni Zima

[Magurudumu ya machela yanalia sakafuni. Mkwaruzo.]

BABA PANZI: Haloo? Nani mwenzangu?

MAMA PANZI: Mimi, Baba Panzi. Simu ni ya nesi, yangu imezima.

BABA PANZI: Mmeshatoka hospitali?

MAMA PANZI: Bado. Wanampeleka—

BABA PANZI: Bado? Si picha ya eksirei ya siku alipoumia ilisema hana kitu? Mtoto karuka kamba, katua vibaya—

MAMA PANZI: Nisikilize. Daktari wa leo hakuanza na picha. Kamlaza, kamwambia, nyoosha mguu, uinue. Basi.

BABA PANZI: Akainua.

MAMA PANZI: Kisigino hakikubanduka kitandani.

BABA PANZI: Labda kadeka. Unamjua mwanao.

MAMA PANZI: Jasho lilimtoka akijaribu. Kifuniko cha goti kimepanda juu. Chini yake pamebonyea, kidole kinazama.

BABA PANZI: Na picha je?

MAMA PANZI: Kifuniko cha goti la mtoto bado kina gegedu, ule mfupa laini, na gegedu halionekani kwenye picha. Limemenyeka kama ganda la chungwa. Kinachoonekana ni chembe ya mfupa, kama punje ya mchele. Yule daktari wa kwanza hakuiona.

BABA PANZI: Sasa mimi niko huku juu mlimani kazini, nachomelea matangi. Gari la kutoka ni keshokutwa—

MAMA PANZI: Wanampasua leo, wamfunge waya. Halafu plasta, wiki sita. Tungewahi, anasema, ingekuwa kazi nyepesi. Akauliza, siku nne hizi nani alimlazimisha kutembea?

BABA PANZI: Ukamjibu nini?

MAMA PANZI: Nikasema, sisi.

[mkwaruzo]

BABA PANZI: Mama Panzi, mimi nilisikia kilio tu kwenye simu. Nikasema mtoto asilelewe kama—

MAMA PANZI: Kama yai. Najua ulichosema. Nami ndiye niliyemsimamisha.

BABA PANZI: Mpe simu.

MAMA PANZI: Wameshaanza kumsukuma. Haraka. Nesi, samahani, kidogo tu—

PANZI: Baba.

BABA PANZI: Panzi wangu.

PANZI: Nilijikaza, baba. Siku zote nne. Nilikuwa nashika ukuta.

[mkwaruzo]

PANZI: Baba, upo?

BABA PANZI: Nipo. Unanisikia?

PANZI: Unakatikakatika.

BABA PANZI: Basi sikiliza, na mama yako awe shahidi. Ukiniambia panauma, nitakuamini kwanza. Picha baadaye. Nakuahidi, mwanangu.