Lami Nyembamba Hupoa Upesi

Sikilizeni, wadogo zangu, wewe dada uliyekalia ndoo kana kwamba viti vya nyumba hii vimekukosea, na wewe mdogo wangu wa kiume unayejifanya unatazama dirishani. Tazama utakavyo, masikio hayana mgongo. Mke wangu amenipa maji na mto ameuweka sawa, kifua nacho kimeniruhusu kidogo, kwa hiyo msinikatize, maana nikikatika leo sitajua pa kuungia.

Najua mnavyonong'ona jikoni, kwamba kaka hana hata mvi, wosia wa nini. Mvi zangu ziliota ndani, huku kifuani, ambako kinyozi hafiki. Tena ukubwa si mvi. Wazazi walipotutoka, mimi ndiye niliyetupa madaftari nikashika sepetu ili ninyi msome, na wali mliokula ulinuka lami mpaka mkazoea mkadhani ndiyo harufu ya wali. Msiseme najisifu. Anayejisifu hutaja asichokuwa nacho. Mimi nataja cha kwangu, kwamba katika mji huu hajazaliwa mtu wa kusoma barabara kama mimi. Mwalimu alisema kichwani sina kitu, na hakukosea sana, vingi vilikuwa miguuni.

Mvua ikikatika, watu wakikunja miavuli, mimi natoka. Barabara hukauka uso kwanza, lakini unyevu hubaki kwenye nyufa, na kabla jua halijamaliza kazi yake unaona kila ufa umechorwa mstari mweusi. Ukikuta mistari michache, myembamba kama nywele, hiyo imezeeka uso tu na mifupa ni mizima. Izibe zile nyufa, ifagie, ipake lami ya maji ili inate, halafu itandazie tabaka jembamba, unene wa kidole gumba kilicholazwa, nayo itadumu mpaka ikuzike. Ukikuta mistari imeshikana kama magamba ya mamba, na ukikanyaga katikati panabonyea, hiyo imekufa chini, chimba, usifunike. Elimu yangu yote ndiyo hiyo, na msinitajie methali ya ufa na ukuta, kila mtu anaijua na kuta bado zinajengwa kila siku.

Sasa mdogo wangu, geuka. Mteremko wa sokoni ulikuwa magamba matupu na uliyaona, lakini kulikuwa na mgeni mkubwa wa kupita, nawe ukataka kuufunika tu ili upite katika macho yake. Dada yako akazima rola yake ya kushindilia mbele ya vibarua wote akasema, "Hii ni maiti, mimi sivalishi maiti suti." Nawe ukamjibu, "Kaa na chuma chako basi, nitatafuta mwanaume wa kukiendesha." Ukampata mwanaume, akaendesha, mvua za kwanza zikaja na ile lami ikabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Wala si lami iliyokuuma, mdogo wangu. Kilichokuuma ni kwamba dada yako alikwenda kusimama pale akacheka.

Usinyanyue kidevu, dada, bado sijakufikia, na sasa nakufikia. Tangu siku ile kila tabaka jembamba unaliita poda. Watu walipokuja kutuomba tuutandazie mtaa wa zahanati, uso umeanza tu kupauka na kokoto kuchungulia, ukawajibu, "Haina shimo, tunaiponya ugonjwa gani?" Mdharau mwiba, mguu huota tende. Maji yakaingia, malori yakakanyaga, na leo mtaa mzima umefukuliwa, wagonjwa wanavushwa juu ya mbao. Mwenzako alivalisha maiti suti, wewe ukamnyima mzima koti mpaka akaugua, halafu mnakaa meza moja mkipitishiana chumvi kwa mkono wangu, mimi mgonjwa, kana kwamba nimeajiriwa na chumvi. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, ndivyo tulivyofundishwa. Vibarua wetu wamelima mpaka mikono imeota sugu, na ninyi hamjamaliza.

Pole, mke wangu, nipe tena. Kidogo tu.

Nyumba hii ni ya mke wangu, mtu asiguse hata msumari wake, na akitaka kupaka ukuta rangi ya pilipili, mtamshikia ngazi. Sepetu na reki zibaki kwa vibarua. Buti zangu mpya mpeni yeyote ambaye mguu wake unastahili, ingawa sijui kama yupo. Sasa mashine, ambazo ndizo mnazozingoja, mmoja akitaka tuuze zote tuachane kwa amani, mwingine akitaka zote ziwe zake aoneshe watu kazi. Mashine ya kutandaza namwachia mdogo wangu wa kiume. Rola namwachia dada. Na atakayeuza ya kwake au kuikodisha mbali na ya mwenzake, radhi yangu hana, hata akililia kaburi likajaa maji.

Msinune. Lami nene ina subira, inashika joto, mwenye rola anaweza hata kunywa chai akarudi. Lami nyembamba hupoa ukipiga chafya. Rola haina budi imfuate mtandazaji kisigino kwa kisigino, na mkiachana hatua chache kwa sababu ya kununa, inakuwa ngumu kabla haijashindiliwa, na kokoto zitang'oka moja moja chini ya magari. Hapo hakuna wa kukupitishia chumvi. Lazima umtazame mwenzako, uinue mkono, na yeye auone. Sikupata dawa nyingine, na nilikuwa na muda mwingi wa kulala hapa nikitafuta.

Kazi ya kwanza ni huu mtaa wetu. Niliukagua mvua iliyopita, nikiwa nimeshikiliwa na mke wangu kama bwana harusi mlevi, na nyufa ni nywele tu. Majirani wanaogopa utapanda juu ya vizingiti vyao kama ule mtaa wa nyuma, walikorundika nene juu ya nene mpaka maji yakahamia vyumbani. Waambieni hii ni kidole gumba, na milango yao itafunguka vilevile. Vibarua wamekwisha kufagia na kupaka, mnanusa wenyewe. Ukimaliza hapa, mdogo wangu, ukafukue ule mteremko wa sokoni ujengwe upya, na dada yako akushindilie bila kucheka. Siku mtakayonibeba nipitisheni mtaa huu. Mkinipitisha sokoni kabla haujajengwa nitaamka niwatukane, nimeshatikiswa vya kutosha.

Fungueni dirisha. Fungua lote, mke wangu. Nitasikiliza kutoka hapa, na rola ikibaki nyuma nitajua.

Lile ni lori la lami, limefika. Mbona mmesimama. Umesema nini, dada? Usiniambie mimi, mwambie yeye. Sema, sauti yangu imekwisha, tumieni zenu.

"Usikimbie, nitakuwa nyuma yako."

Haya. Na wewe umeitikia, nimesikia, hata kama umeitikia puani.

Mungu awaweke. Awape macho ya kuona ufa ungali mwembamba. Watoto wenu wapite mnapotengeneza... wasijikwae. Mzeeke uso tu, wadogo zangu, mifupa... mifupa ibaki.

Mkono, mke wangu. Huu.

Nendeni basi. Inapoa.