Siku Mia Saba Thelathini na Nne za Mama Recheli

Wapendwa katika Bwana, tunaomba utulivu wenu tuwaeleze safari ya dada yetu mpendwa, Recheli Masolwa Kapama, aliyetuachia machozi na vicheko kwa pamoja.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1954 kijijini Tura, mtoto wa kwanza wa Mzee Masolwa, mfanyakazi wa reli, na Mama Getruda. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Tura, kisha akapata mafunzo ya ukunga mjini Tabora.

Tangu 1976 hadi alipostaafu mwaka 2009 alihudumu hapa Bukene. Baadhi ya watakaobeba jeneza lake leo, yeye ndiye aliyewapokea duniani.

Tarehe 5 Agosti 1978 alifunga ndoa na Mwalimu Festo Kapama. Mungu akawajalia watoto wawili, Damari na Anton. Mwalimu alitangulia mbele za haki mwaka 2006.

Damari alikuwa ameshahamia mji wa Edmonton, Kanada, na alipopata mapacha alimhitaji mama yake. Marehemu alifika huko tarehe 20 Aprili 2012 akiwa amepewa ukaazi wa kudumu. Uraia wa kule hakuutaka kabisa, maana angelazimika kuuacha wa Tanzania. "Nije Bukene kwa viza, kama mtalii?" aliuliza. Basi ikambidi kutimiza sharti la ukaazi: katika kila miaka mitano, awe ndani ya Kanada siku zisizopungua 730.

Mei 2014 Mama Getruda alivunjika nyonga. Marehemu alirudi kumuuguza, akakaa naye karibu miaka mitatu, hadi tulipomzika. Aliporejea Kanada Machi 2017 na kuomba kadi mpya ya ukaazi, ofisi ya uhamiaji ilitaka athibitishe siku zake. Pasipoti ya zamani, yenye mihuri yote, ilikuwa imeliwa na mchwa sandukuni Bukene. Angekosa kadi, asingeweza tena kuishi na wale wajukuu.

Kilichobaki ni vijitabu vyake vya Neno la Siku, ambavyo sisi Wamoraviani tunavisoma kila asubuhi. Pembeni ya kila neno aliandika alikolisomea. Ukurasa mmoja unasema: "Edmonton. Theluji imefika dirishani. Damari kaniudhi. Nimemsamehe saa nne."

Damari alimsihi wasipeleke kijitabu chenye Krismasi ya 2013, kwa sababu siku thelathini na tano za wakati huo mama alikuwa likizo huku nyumbani, naye Damari aliogopa hesabu haitatimia. Marehemu alimjibu, "Mwanangu, neno la Krismasi nililisoma Bukene, mbele ya mama yangu. Leo nimwambie Mungu nililisomea wapi?"

Wakapeleka vyote, pamoja na tafsiri yake. Afisa alivilinganisha na kumbukumbu za safari za ndege, na tarehe zote zikakubaliana. Jumla ilikuwa siku 734, nne zaidi ya zilizotakiwa. Kabla ya kuagana nao, afisa alimuuliza Damari kama kweli alisamehewa saa nne. Damari akasema msamaha huo yeye aliuona saa sita.

Kuanzia mwaka 2023 marehemu alisumbuliwa na moyo. Julai mwaka huu aliomba kuja nyumbani, tukamuuguza hapa kwa furaha, maana hata kitandani alikuwa akituchekesha. Alilala katika Bwana tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka 71.

Ameacha watoto wawili, wadogo zake Eliya na Koleta, na wajukuu watano. Mapacha wa Edmonton, Masolwa na Getruda, sasa wana miaka kumi na mitatu. Jana asubuhi walishuka kwenye gari wakawaamkia wazee mmoja mmoja kwa lugha yetu ya hapa, "Mwangaluka," bila kuelekezwa na mtu. Mzee mmoja aliitikia vizuri, kisha akauliza wale watoto wa Kanada watafika saa ngapi.

Tunamshukuru Mungu aliyetupa dada huyu. Apumzike kwa amani hadi asubuhi ya ufufuo. Amina.