Damu Iliyopakwa Chokaa

Mama Hajara wa Koboko na mzee aliyejitambulisha kama Ladu hawakujuana mpaka basi lilipowakalisha kiti kimoja. Kufika Ombaci, walikuwa wanagombana kama ndugu.

“Mimi bibi ya mwanajeshi,” mama alisema. “Siku ya ukaguzi, hata mawe ya kambi tulipaka chokaa. Daktari naye ni ukaguzi: akataka damu yangu, aone kama sukari inaharibu macho. Nikafunga siku tatu. Chai hapana, muhogo hapana. Damu ikatoka safi.”

“Ulidanganya daktari.”

“Yeye iko na mashine! Alisema dalili ingine iko ndani ya maji ya jicho, ile haifichiki. Lakini ilitaka sindano ndani ya jicho. Nikakataa. Nikasema, damu si iko safi? Nesi akanipongeza. Tangu mzee wangu afe, hakuna mutu alinipongeza. Sasa jicho ya kushoto inaona moshi tu.”

Ladu akamtupia ile methali ya mficha maradhi, kwamba kifo kitamuumbua, na nusu ya basi ikaitikia. Watu hupenda methali inapomwangukia mwingine.

“Nani aliniuliza nimekula nini?” mama alisema. “Nani?”

Basi likasimama Arua, na muuza sambusa akaingiza sahani dirishani, mbele ya Ladu.

“Hapana, binti yangu,” mzee alinong’ona. “Tangu juzi sijakula. Kesho napimwa damu.”