Pembe Hukunjwa Mara Moja

Ndugu, majirani, na ninyi mliofanya kazi na marehemu, mimi ni dada yake mdogo. Ratiba mliyoshika ina ukurasa mmoja wa wasifu ulioandikwa na mwanawe, na kila kilichomo ni kweli. Mimi nitasoma huu wangu, ambao ni mrefu kidogo. Najua mnasema marehemu hasemwi. Lakini marehemu wetu aliishi kwa kusema, na sidhani angependa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa siku ambayo hawezi kujibu.

Marehemu alizaliwa Alhamisi tarehe 9 Aprili 1953, katika chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha uchapaji, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Mimi nilifuata miaka minne baadaye. Baba yetu alikuwa fundi viatu, akafariki mapema. Mama alifagia sakafu ya kiwanda kile kwa miaka ishirini na mbili, na alirudi nyumbani na vumbi la karatasi kwenye nyusi. Mama alikuwa akisema kwamba kaka alizaliwa pua imeziba, mkunga akaizibua, na tangu siku hiyo haikuziba tena.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1960 hadi 1966, kisha sekondari hadi kidato cha nne, 1970. Akiwa darasa la tatu mwalimu aligawa madaftari, na kaka akanusa lake akalirudisha. Alisema liliwekwa karibu na mafuta ya taa na halitafika mwisho wa mwaka. Alichapwa viboko vitatu, akalichukua. Kufikia mwezi wa kumi kurasa zake zilikuwa zimegeuka rangi ya majani makavu, na mwalimu, ambaye alikuwa muungwana, alimwita mbele akamwomba radhi. Watoto wakaanza kumwita Pua, naye jina alilipenda, akalibeba hadi uzeeni.

Mwaka 1967 kiwanda kilichapa nakala nyingi kupita kiasi za kitabu kimoja cha katuni, hadithi ya mpishi anayekamata wezi, na wafanyakazi wakaruhusiwa kuchukua zilizozidi. Mama alileta mbili kutoka bunda moja, siku moja. Alimpa kaka moja, akanipa mimi moja, ili tusigombane. Naomba mkumbuke hilo.

Kazi aliianza 1971 kwenye duka la vitabu vilivyotumika. Mwaka 1979 aliajiriwa na kampuni inayopima vitabu vya katuni vya zamani, vile ambavyo watu wazima hukusanya na kuvitunza kuliko wanavyowatunza wazazi wao. Mpimaji mmoja aliangalia jalada, mwingine pini zinazoshika kurasa, na kaka alipewa karatasi. Vitabu hivyo vilichapwa kwa karatasi rahisi, na karatasi rahisi hujila yenyewe. Nyeupe huwa krimu, krimu huwa njano, njano huwa kahawia, na mwisho hufika hali ya kumeguka ukiigusa, ambayo pale kazini iliitwa biskuti. Hukumu ikishaandikwa, kitabu kilifungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki, na hakuna aliyekifungua tena kubishana.

Kazi hiyo aliijua, na hapo simpunguzii hata punje. Alikaa dirishani, upande usiopigwa na jua, na taa ya mezani aliikataa kabisa kwa sababu mwanga wake hupaka kila kitu umanjano. Alifungua ukurasa wa katikati, akautazama, akaunusa, kisha akaikunja pembe ya ukurasa wa ndani mara moja, polepole, akaiachia. Karatasi hai huinuka, na iliyokufa hukatika. Wanagenzi aliwaambia, "Pembe hukunjwa mara moja. Ukiikunja mara tatu, hata hati ya ndoa itakatika."

Mdomo wake nao mnaujua. Mjane mmoja alileta vitabu arobaini vya mumewe, amevifunga kwa shuka. Kaka alivipitia asubuhi nzima, akasema thelathini na tisa ni biskuti, akapuliza makombo mezani yakamwangukia yule mama mapajani. Mjane akauliza ni kipi kimoja kilichosalimika. Kaka akamjibu kwamba ni kile ambacho marehemu mumewe hakuwahi kukisoma. Ofisi nzima ilicheka, na mimi nilicheka pia, Mungu anisamehe.

Kitabu chake mwenyewe, kile cha mpishi, kiliwekwa bila kasha kwenye kabati la kioo mlangoni mwa kampuni. Kibao chini yake kilisema ndicho cheupe pekee kinachojulikana cha toleo lile. Wageni walipigwa picha pembeni yake. Nakala nyingine zote zilizowahi kuletwa zilikuwa njano au mbaya zaidi.

Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1982 na wifi yangu, fundi cherehani, ambaye amenikubalia niseme hili. Alipoletewa kadi za mwaliko, bwana harusi alizinusa akasema karatasi hii haifiki miaka kumi. Ndoa ilifika kumi na mmoja. Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume, na wifi alipoondoka aliondoka na mtoto na cherehani tu.

Mimi niliingia kampuni ile 1985, kama mwandishi wa meza yake. Yeye alitamka, mimi niliandika. Miaka sita ya kuandika nyeupe, krimu, njano inafundisha macho, na nilitaka kuwa mpimaji. Utaratibu ulikuwa kwamba anayetaka kupandishwa alete kitabu kimoja, akihukumu mbele ya wakubwa watatu, kisha mkuu wa meza athibitishe au akatae. Nilileta kile alichonipa mama. Nilikuwa nimekitunza miaka ishirini na minne kati ya mashuka ya pamba, mbali na mbao na mbali na jua. Sikuwa na kitabu kingine, na nilikuwa na hakika.

Ilikuwa Jumatano tarehe 13 Novemba 1991. Mvua ilinyesha, dirisha likawa la kijivu, na kaka akawasha taa ya mezani, yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Nilisema, "Cheupe." Alikinusa muda mrefu. Akaikunja pembe, na pembe ikainuka. Akaikunja tena, ikainuka. Wakubwa walikuwa wananitazama mimi, si mkono wake. Akaikunja mara ya tatu, akaibana kwa ukucha, ikakatika.

Aliniwekea kipande kile kiganjani. "Andika, mdogo wangu," akasema. "Biskuti."

Nikaandika, kwa sababu kuandika ndiyo ilikuwa kazi yangu. Kitabu changu kingethibitishwa cheupe, chake kisingekuwa cha pekee tena, na kibao cha mlangoni kingeng'olewa. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hiyo niliivaa kila siku, nikikaa pembeni yake hadi nilipostaafu nikiwa bado mwandishi wa meza. Nilimchukia. Nilimpikia sikukuu zote, nikamchukia.

Alistaafu 2013 akarudi nyumbani na kitabu chake. Kisukari kilikuwa kimemwanza 2009. Kwanza kilichukua ncha za vidole, asisikie tena kama ameshika karatasi au kitambaa. Mwaka 2019 kikachukua macho. Mafua makali ya 2021 yakamalizia pua, na Pua akawa hana pua. Nilimchukua akakae kwangu, maana damu ni damu. Alinilipa kwa kupima kila nilichomletea. Chai alisema ni kahawia lakini haina majani, mashuka alisema yana makombo, na uji alisema ni biskuti iliyolowa.

Kila asubuhi baada ya chai aliniuliza, "Kipo?" Nilijibu kipo. "Rangi?" Nilijibu nyeupe. Miaka mitatu nilimjibu kweli, hata siku ambazo ulimi uliniwasha. Mwanawe alishaambiwa wosia mbele yangu, kwamba kitabu kikiwa kizima ni chake, na kikiwa kimekufa, azikwe nacho, asikione mtu.

Jumatano tarehe 21 Februari mwaka huu walikuja wenzake watatu wa zamani kumjulia hali. Wapo hapa, na sina ugomvi nao. Kaka alichangamka, akawasimulia ile ya dada yake aliyeleta biskuti mbele ya wakubwa akaiita nyeupe. Aliiga sauti yangu. Walicheka hadi mmoja akapaliwa, na mimi nilikuwa nimesimama hapo na sinia la vikombe.

Asubuhi yake, mwanawe akiwa barazani anasikia, aliuliza rangi. Nikamwambia, "Njano, kaka. Pembeni kahawia."

Kisha akaomba asikie pembe, kwa kuwa masikio ndiyo pekee yaliyombakia. Nilikwenda sebuleni nikachana ukurasa wa kitabu cha simu cha zamani, nikarudi, nikauweka karibu na sikio lake. Nilidhani utakatika mara ya kwanza, lakini haukukatika. Nikaukunja tena, haukukatika. Mara ya tatu nikaubana kwa ukucha, na ukatoa ule mlio mdogo anaoujua kila aliyewahi kukaa meza ile. Nilifurahi. Nasema mbele yenu na mbele ya jeneza lake kwamba nilifurahi.

"Umekunja mara ngapi?" akauliza.

"Mara moja."

"Nimesikia tatu," akasema, akageukia ukutani.

Hakuniuliza tena. Kila asubuhi nilimpelekea chai, nikasimama na kikombe, nikingoja aseme rangi, na angesema ningemwambia kweli. Hakusema. Nami sikumwambia kwa kuwa hakuuliza, maana sote wawili tulilelewa na mama mmoja mwenye kichwa kigumu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, nimeujua utamu wake, na uliisha kabla chai haijapoa. Aliishi siku tisa hivyo. Alifariki Jumamosi tarehe 2 Machi 2024, saa kumi jioni, kitandani kwangu, baada ya kuniomba nifunge dirisha. Sijui alikufa akiamini nini.

Mwanawe, kwa yale aliyosikia asubuhi ile, aliamini kimekufa, akatimiza wosia, akamwekea baba yake kitabu kifuani bila kukifungua. Asubuhi ya leo, kabla jeneza halijafungwa, baadhi yenu mmeniona nikiingiza mkono na kukitoa, na nimesikia mnong'ono kwamba dada anamwibia maiti. Nilikipeleka dirishani. Nilimwita mwanawe asimame nami, na taa tulizima. Tulifungua ukurasa wa katikati, nikamwacha anuse, kisha nikaikunja pembe mara moja, polepole, nikaiachia. Iliinuka. Kitabu ni chake, na yuko nacho mfukoni mwa koti sasa hivi. Mahali pake kifuani nimeweka changu, chenye pembe iliyokatika, pamoja na kile kipande, ambacho nilikitunza.

Marehemu ameacha mtoto mmoja wa kiume, wajukuu wawili wa kike, mama wa mtoto wake, na mimi dada yake.

Kaka, hukuniuliza, lakini nakujibu. Cheupe. Vyote viwili vilikuwa vyeupe, na ulijua. Pumzika sasa, kwa amani ile uliyoninyima na niliyokunyima.