Bi. Kavutha na Zimwi la Ijumaa

Tarehe 31 Agosti 2007, Bi. Kavutha Mwololo anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili kwenye mitambo ya simu ya Ngao Bima. Wateja wenye hasira walimfikia wakinguruma, wakakata simu wakiwasalimia watoto wake. Tena ana kipaji cha kuiga sauti, hata ya meneja, na wengi wetu tumekimbia ghorofa ya nne bure tukidhani meneja ametuita.

Lakini tutamkumbuka zaidi kwa mchezo wa Ijumaa, saa ya chakula. Ciru wa uhasibu aliuleta mwaka 2004: kila mtu ni shujaa wa hadithi, msimulizi anawapitisha kwenye falme na mapango, dadu inaamua nani atapona. Mwanzoni tulikuwa tunaua majoka huku tukitafuna chipsi. Kuria wa madai aliyaua bila hata kuweka soda chini. Bi. Kavutha alipokabidhiwa usimulizi alisema hiyo si hadithi, hiyo ni bucha.

Akafukuza majoka, akaleta hofu. Zimwi lake halikuonekana kamwe. Lilijua tu majina yetu ya nyumbani, likaita kutoka gizani. Na sote tumelelewa tukijua: ukiitwa gizani mara moja usiitike, ngoja ya pili. Kuria, jabali lile, aliomba taa iwashwe saa saba mchana!

Siku moja zimwi likamwita Oloo, dereva wetu, kwa sauti ya mama mtu mzima. Oloo akaitika palepale: naam, mama. Meza nzima ikaangua kicheko. Oloo akaacha chakula, akatoka. Lo! Mama yake alikuwa amezikwa mwezi uliotangulia, na kwa miaka alizoea kupiga simu ofisini kumuulizia. Bi. Kavutha hakukusudia, sauti aliyoizoea sikioni ilimtoka yenyewe.

Oloo hakurudi mezani, na bila yeye hakuna aliyefurahia mchezo. Bi. Kavutha alimfuata garini, akamwomba radhi, akalia. Kisha akaweka sheria: kabla ya kuanza, kila mtu aseme asichotaka kitajwe, na asiulizwe sababu. Alisema hofu ni chumvi, inakoleza mchuzi lakini haitiwi kwenye kidonda.

Baada ya miezi miwili Oloo alirudi. Zamu yake ilipofika alisema hana anachokataa, ila ana ombi: zimwi limwite tena, kwa sauti ileile. Mama alifariki yeye akiwa safarini Eldoret na gari la kampuni, hakupata kumuaga. Bi. Kavutha alisita, kisha akaita. Oloo akaitika. Akaulizwa kama amekula, kama anavaa sweta asubuhi. Akajibu yote, kisha akamwambia mama aende salama. Dadu haikurushwa siku hiyo.

Asante, Bi. Kavutha, kwa kututisha na kwa kutujali. Nenda Waithaka ukafuge kuku wako, Mungu akuzidishie siku na afya. Oloo alipata nafasi ya kuaga. Leo ni zamu yetu, na kusema kweli, hatujawa tayari.